Elimu ya usafi tunayo, dumu la tano ndo hatuna

Mwaka juzi mwezi wa kumi nilikaa wiki mbili kwa mama mkubwa, kijiji kimoja upande wa Kishapu mkoani Shinyanga, na kwa kuwa sikuwa na kazi zaidi ya kusaidia saidia pale nyumbani nikajikuta nahesabu maji. Nyumba ina watu saba. Kwa siku yanaingia madumu manne ya lita 20. Dumu la kwanza linaenda kwenye mtungi, hilo ni la kunywa na haligusi mtu kwa kazi nyingine. La pili ni la kupikia, na mabaki yake ndo yanaosha vyombo. La tatu ni la kuoga, wakubwa jioni, watoto wanafutwa futwa miguu kabla ya kulala. La nne linagawanywa kwa ndama, kuku na nguo ndogo ndogo za mtoto mchanga. Limeisha. Hakuna dumu la mikono.

Sasa piga hesabu ya kunawa. Watu saba, kila mmoja anawe mara tano tu kwa siku (akitoka chooni, kabla ya kula, kabla ya kupika, akishamsafisha mtoto), tuseme nusu lita kila mara, hiyo ni lita 17 na nusu. Yaani karibu dumu zima la kuongeza, kila siku, na dumu la kuongeza maana yake mama aamke tena, abebe tena kilo ishirini kichwani, au kijana aahirishe shule aende na baiskeli. Kwa hiyo mtu akija na gari na kipaza sauti akawaambia wanakijiji wanawe mikono kwa maji tiririka na sabuni, kiukweli anachomwambia mama mkubwa ni kwamba aongeze safari moja ya kisimani, ila hamwambii hivyo, anamwambia kwamba hana elimu.

Nilipomuuliza mama mkubwa kuhusu kunawa hakukasirika, alinijibu taratibu huku anachambua mboga, "Mwanangu, hayo tunayajua tangu enzi za redio. Wewe nipe maji uone kama sitanawa."

Hizo enzi za redio anazozisema ni 1973. Wengi wetu humu hatukuwepo au tulikuwa wadogo, lakini mwaka ule nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, ilisimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, watu wakakaa vikundi vikundi chini ya miti na kwenye madarasa wakisikiliza redio, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, wanajadili malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, halafu wanatoka wanaenda kufanya kwa mikono walichojadili. Inakadiriwa watu milioni mbili walishiriki. Milioni mbili, kwa Tanzania ya wakati ule! Watu walichimba vyoo, walifyeka nyasi, walifukia madimbwi. Ndo maana hadi leo ukizunguka vijiji vyetu ukilinganisha na nchi nyingi za Afrika utakuta kaya nyingi sana zina choo cha namna fulani, ile kazi haikupotea. Na 2017 ikaja Nyumba ni Choo, Mrisho Mpoto akawa balozi wake, ikasikika kila kona.

Kwa hiyo nusu karne tunafundishana usafi. Nachotaka kusema kwenye makala hii ni kwamba tumefika mahali elimu siyo tena kizuizi kikubwa, kizuizi ni maji na mtu anayeyachota, na kila mpango unaoruka hapo unaishia kumtwisha mwanamke mzigo mwingine na kumlaumu akishindwa kuubeba.

Sisemi elimu haina kazi. Kuna mfano mmoja wa Kongwa, mkoani Dodoma, naupenda sana. Kongwa ilisumbuliwa mno na trakoma, ule ugonjwa wa macho ambao nzi na vidole na nguo chafu vinauhamisha kutoka kwa mtoto mmoja kwenda mwingine, kope zinajikunja ndani, zinakwangua jicho miaka na miaka hadi mtu anapofuka. Watafiti walikaa pale kuanzia miaka ya themanini, na walipowauliza kina mama kwa nini watoto hawanawi uso jibu likawa maji yako mbali. Sasa badala ya kuwabishia, wakakaa nao wakapima. Wakachukua maji kidogo tu wakaanza kunawisha watoto mmoja baada ya mwingine, na kila mtu akashangaa ni nyuso ngapi zinasafishika kwa maji ambayo kila mmoja alidhani hayatoshi hata watoto wawili. Pia waliongea na wanaume, kwa sababu kwenye nyumba zile muda wa mama na matumizi ya maji siyo mambo anayoamua peke yake. Matokeo ya vijiji vilivyofanyiwa ile kampeni yalichapishwa 1995, watoto waliokuwa na nyuso safi muda wote hawakupata sana trakoma kali kama wengine.

Hiyo ndo elimu yenye heshima. Ilianza kwa kukubali kwamba mama anasema kweli, maji ni machache, halafu ikatafuta kitu kinachowezekana ndani ya maji hayo hayo. Kibuyu chirizi ni wa ukoo huo huo: kidumu cha lita tano kimening'inizwa kwenye kijiti, kamba inashuka hadi kwenye fimbo ya kukanyaga kwa mguu, unakanyaga maji yanachuruzika kidogo kidogo, mkono haugusi dumu. Ile nusu lita niliyoipigia hesabu pale juu inashuka sana. Ni kitu kizuri. Ila hata chenyewe lazima mtu akijaze, na nimeona vingi vimening'inia vikavu.

Kimoja nilikiona hapo hapo kijijini. Choo kipya, kuta za miti na turubai, mlango wa kiroba, na pembeni kibuyu chirizi na kipande cha sabuni ya mche kimetobolewa katikati kikapitishwa kamba. Nikakishika. Maandishi ya kiwandani bado yamesimama kwenye ile sabuni, herufi zote zinasomeka, hazijalika hata pembe. Utando wa buibui umetoka kwenye sabuni hadi kwenye mti. Mwenye nyumba akaniambia bila kuficha kwamba walijenga wiki ya ukaguzi, maana ilitangazwa kaya isiyo na choo na kibuyu faini, na asiye na hela anachukuliwa mbuzi. Ukaguzi ukapita. Kwenye daftari ile kaya ina choo na ina sehemu ya kunawia, tiki mbili. Ripoti ikapanda kata, ikapanda wilaya, na huko juu mtu anajumlisha anasema kijiji kimefika asilimia fulani.

Na choo chenyewe hakitafika mwaka kesho kutwa. Udongo wa kule ni mbuga, ule mweusi, kiangazi unapasuka nyufa mguu unazama, masika unavimba unakuwa kama ugali, ukichimba shimo usipolijengea kwa tofali au mawe mvua za mwezi wa tatu zinalibomoa na sakafu ya miti inakwenda nayo. Nilihesabu mashimo matatu ya zamani kwa jirani mmoja. Matatu! Huyo mtu siyo mvivu na wala siyo mchafu, amechimba choo mara tatu kwa jembe na sururu, na kila mara kinamezwa, halafu anaitwa ofisini kuulizwa kwa nini hana choo. Kule Mwanza tatizo ni kinyume, unagonga mwamba futi ya nne. Rufiji na kandokando ya ziwa unachimba kidogo tu unakutana na maji. Kila sehemu na udongo wake lakini agizo ni moja, jengeni vyoo, mwisho tarehe fulani.

Kinachohitajika hapo ni fundi, siyo mgambo. Fundi wa hapo hapo kijijini aliyefundishwa kujengea shimo na kumimina sakafu ndogo ya zege yenye kifuniko, au kuweka zile sakafu za plastiki za SATO zinazojifunga zenyewe nzi asipite, na simenti ipatikane kwa mkopo wa vikoba ilipwe baada ya mavuno ya pamba au dengu. Halmashauri inayotoza faini kwa choo kilichobomoka ingeweza kutumia nguvu hiyo hiyo kufundisha vijana wawili kila kijiji. Wangekula kwa kazi hiyo.

Afu kuna hili la ndani ya familia, ambalo wageni wengi hawalijui na wakaguzi wetu wanajifanya hawalijui. Kwenye nyumba nyingi baba mkwe na mkamwana hawachangii choo. Ni aibu, ni mwiko, hata nyayo zao zisikutane kwenye ile njia. Kwa hiyo kaya ina choo, tiki, lakini anayekitumia ni mzee, mkamwana anaenda porini alfajiri kabla watu hawajaamka, na watoto wanajisaidia nyuma ya nyumba kwa sababu tundu ni kubwa wanaogopa kutumbukia. Kinyesi cha mtoto watu wanakiona hakina madhara, wakati chenyewe ndo kiko uani anapotambaa mdogo wake. Hili nalo huwezi kulimaliza kwa faini, unalimaliza kwa kukaa na ile familia ukakubaliana nao choo cha pili kidogo, au kuingilia upande mwingine, na tundu dogo la watoto.

Sasa nije kwenye utafiti wa Kenya, kwa sababu watu wanaoandika maandiko ya miradi wangeusoma vizuri wangeacha baadhi ya mambo. Ulifanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga, walichukua akina mama wajawazito zaidi ya elfu nane wakawagawa makundi, wengine wakapewa klorini ya maji, wengine wakaboreshewa vyoo, wengine wakawekewa sehemu za kunawia na sabuni, wengine vyote kwa pamoja, wengine chakula cha nyongeza cha mtoto. Matokeo yalitoka 2018. Kuhara kwa watoto hakukupungua kwenye kundi lolote, na kukua kwa watoto kulisogea pale tu palipokuwa na chakula. Utafiti wa aina hiyo hiyo ulifanyika Bangladesh na kule kuhara kulipungua.

Kuna waliosema basi, usafi hausaidii. Mi naona wamesoma vibaya. Tofauti moja kubwa ni kwamba Bangladesh wahamasishaji walikuwa wanapita kwenye nyumba mara kadhaa kila mwezi, Kenya walipita kama mara moja kwa mwezi. Na kingine cha kuangalia kwenye ule wa Kenya, choo kiliboreshwa kwa mama aliyekuwa kwenye utafiti, majirani zake wakabaki kama walivyo. Nzi hajui mpaka wa shamba! Mtoto anacheza kwa jirani, kuku wa jirani wanaingia jikoni kwako, mnachota lambo moja ambalo ng'ombe wameingia hadi magotini. Ukimsafisha mmoja kati ya ishirini hujasafisha kitu. Na hakuna nyumba hata moja iliyoongezewa maji kwenye ule utafiti, yale yale ya kisimani yakatiwa klorini. Kwangu hilo ndo kubwa kuliko yote, maana dawa inaua wadudu waliomo ndani ya dumu lakini haikuletei dumu jingine.

Hapo ndo tunarudi kwenye pampu. Kijiji cha mama mkubwa kina kisima kirefu cha pampu ya mkono, mita mia tatu tu toka kwake. Kimekufa. Nilipouliza ni nini kimeharibika nikaambiwa ni kile kipira cha ndani kinachonyonya maji, kitu unachokificha kwenye kiganja. Kamati ilikuwa inakusanya hela ya kila dumu miaka minne, siku kipira kilipokufa hela haikuonekana, mwenye kitabu kahama, mwingine anasema alimpa fulani, na hapo hapo maji yakarudi kuwa ya lambo na ya kuchimba mchangani mtoni. Kwa hiyo safari ya dakika kumi ikawa saa nzima na nusu, na dumu la tano likafa siku ile.

Na hawako peke yao. Wizara ya Maji ilipohesabu vituo vya maji vijijini nchi nzima zaidi ya miaka kumi iliyopita, karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji. Tangu 2019 tuna RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vya watumia maji vimewekwa kisheria, vina wahasibu sehemu nyingine na mafundi, na kuna vijiji vimebadilika kweli kweli, sitaki kuwanyima haki yao. Ila bado sherehe yetu kubwa ni ya uzinduzi. Kiongozi anafungua koki, watu wanapiga vigelegele, picha. Sijawahi kualikwa sherehe ya pampu kutimiza miaka kumi ikiwa inafanya kazi, na hiyo ndo ingestahili ng'ombe achinjwe.

Bei nayo tuiseme. Dumu shilingi 50 linaonekana rahisi, lakini madumu hamsini ndo uniti moja ya maji (lita elfu moja), kwa hiyo mwanakijiji analipa 2,500 kwa uniti na bado anabeba mwenyewe kichwani, wakati kuna miji mikubwa mtu mwenye bomba ndani ya nyumba analipa pungufu ya hapo na anafungua koki akiwa amekaa. Halafu tunashangaa kwa nini maskini anabana maji ya mikono.

Maji yakiwepo watu hubadilika bila kuhubiriwa, na hapa hapa Shinyanga tumeona. Mwaka 2009 mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria, pale Ihelele wilayani Misungwi, ulianza kuleta maji Kahama na Shinyanga, na baadhi ya vijiji lilipopita bomba vikaunganishwa. Binamu yangu ameolewa kwenye kimoja cha hivyo. Koki iko karibu kiasi kwamba anaisikia ikifunguliwa. Kwake watoto wanaoga kila siku, nguo za shule zinafuliwa katikati ya wiki, kuna kibustani cha mchicha nyuma ya jiko, na sabuni ya chooni kwake nilikuta imelika hadi imekatika, vipande viwili vimebandikwa pamoja kwa kukandamizwa. Huyu na mama mkubwa wamesoma shule moja ya msingi, wamesikia kampeni zile zile.

Na kuna la zahanati siwezi kuliacha. Mke wa mdogo wangu alipoenda kujifungua (zahanati siitaji, wauguzi wa pale wanajitahidi kuliko uwezo wao) tuliambiwa twende na gloves, na kanga, na madumu mawili ya maji. Madumu mawili! Mtu yuko kwenye uchungu, mama mkwe wake yuko kwenye foleni ya kisima usiku. Muuguzi akimpokea mtoto kwa mikono iliyooshwa kwa kikombe, akihama kwenda kwa mama mwingine kwa kikombe kingine, halafu mtu anapata maambukizi tunasema ni mipango ya Mungu. Bajeti ya kujenga zahanati isiwe imekamilika bila tanki na bomba la mvua toka kwenye bati lake lenyewe, bati lipo tayari na mvua ya bure.

Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilipofika Simiyu, Shinyanga na Mwanza, klorini iligawiwa haraka, matangazo kila saa, viongozi wakapita nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo uwezo upo. Kilipotulia, klorini ikaisha na ziara zikaisha. Ugonjwa wenyewe hauna haraka, unasubiri tu masika yajayo na lambo lile lile. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wangeweza kuziba hapo, serikali ilizindua mpango wao Januari 2024 na lengo ni zaidi ya laki moja na thelathini elfu nchi nzima, na kama kweli watalipwa kila mwezi bila kukopwa basi kile kilichofanya kazi Bangladesh, mtu yule yule anarudi kwenye nyumba ile ile tena na tena, tunacho. Wakilipwa kwa posho za semina watakuwa kama pampu ya mama mkubwa.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Ninachowaomba ndugu zangu mlio kijijini, na mnaorudi likizo mkapewa heshima ya kuongea kwa sababu mmetoka mjini, kabla ajenda ya faini za vyoo haijafunguliwa simameni muulize maswali mawili. Mfuko wa maji una shilingi ngapi leo, na taarifa yake ya benki iko wapi ibandikwe ukutani. Na kipira cha pampu kikifa kesho asubuhi, ni nani anakitoa, anakinunua wapi, na maji yanarudi siku ya ngapi. Mwandishi wa kikao aandike majibu kwa jina na tarehe.

Mama mkubwa alinipigia mwezi uliopita. Kipira bado.